Nilibadilisha += ikawa join, kodi ya programu ikapaa, kumbe sababu haikuwa hiyo

Wadau habari za siku. Hii posti nimekaa nayo muda mrefu kidogo, sio kwamba ilikuwa ngumu kuandika, ni aibu tu, maana nilishamwambia jamaa mmoja ninayefanya naye kazi, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba kuunganisha stringi (maandishi) kwa += (kuongeza kipande mwishoni) kwenye JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, ni kujitakia matatizo, atumie arei (orodha ya vipande) na join (inayoviunganisha vyote kwa mara moja), akanisikiliza, akabadilisha mafaili yake yote. Samahani ndugu yangu. Kaa usome.

Ilianza hivi. Nilikuwa na fankshoni moja ndogo, kazi yake kuchukua orodha ya maneno na kuitoa kama stringi moja ndefu, koma katikati. Baadhi ya maneno yalikuwa yanakuja na koma yao mwishoni tayari, kwa hiyo kabla ya kuongeza koma nilikuwa nachungulia kwanza kama ipo:

let s = '';
for (const neno of maneno) {
  if (s && s[s.length - 1] !== ',') s += ',';
  s += neno;
}

Maneno mia, inakimbia. Maneno elfu, sawa tu. Laki moja, ukurasa unaganda, feni inaanza kuunguruma, brauza inaniuliza kama nataka kusubiri au niufunge ukurasa. Nikaangalia ile kodi nikasema ahaa, += ndani ya lupu (ule mzunguko wa for), huyu hapa mwizi. Nikabadilisha: kila neno nikalifuta koma ya mwisho, nikalisukuma kwenye arei, mwisho kabisa join. Ikamaliza kabla sijanyanyua kidole kwenye kitufe. Nikaandika na komenti juu yake, "usitumie += hapa, inaburuza". Nikalala usingizi mzuri.

Hiyo imani ya join mi sikuizua, na haikuzuka hewani. Stringi ya JavaScript ikishaundwa haibadiliki, ukisema s += 'x' huongezi kitu kwenye s ya zamani, unapata stringi nyingine mpya na ile ya zamani inabaki inasubiri kufagiliwa. Injini (programu inayoiendesha JavaScript) ikiifanya kazi hii kijinga, kila mzunguko inanakili upya herufi zote zilizotangulia. Piga hesabu: maneno 10,000 yenye herufi kumi kumi, matokeo yako ni herufi laki moja tu, ila herufi zilizonakiliwa njiani jumla yake ni kama milioni 500. Sasa ongeza maneno mara kumi, yafike 100,000, kunakili hakupandi mara kumi bana, kunapanda mara mia, kama bilioni 50. Internet Explorer (IE) 6 na 7, brauza za zamani za Microsoft, zilikuwa na ugonjwa huu, ndo maana watu wa enzi zile walikuwa wanarundika vipande kwenye arei kwanza, maana join inaviona vyote kwa pamoja, inajua urefu wa mwisho, inanakili mara moja imemaliza. Ulikuwa ushauri wa maana kabisa. IE8 ilipotoka 2009 hilo likarekebishwa, ila ushauri ukaendelea kutembea wenyewe mitaani miaka na miaka, mpaka ukanifikia mimi, na mimi nikaupokea kama ulivyo.

Aliyenishtua ni kijana mgeni kwenye timu, ndo kwanza anaanza. Akaniuliza, "kaka, mbona nimejaribu += na maneno laki moja na haina shida yoyote?" Nikamwambia haiwezekani, nionyeshe. Akanionyesha. Lupu tupu, += tupu, imeisha chap. Nikamwambia jaribio lako bovu (hilo nalo lilikuwa kweli, nitafika huko), ila moyoni nikaanza kuwa na wasiwasi.

Sasa hapa ndo penye utamu. V8, ile injini iliyoko ndani ya Chrome na Node.js (inayoendesha JavaScript kwenye seva), ukiiambia a + b na jibu likawa na herufi 13 au zaidi, haiunganishi kitu. Inaandika kakaratasi tu: kushoto kuna ile, kulia kuna hii, urefu jumla ni kadhaa. Basi. Chini ya herufi 13 ndo inanakili palepale, maana kwa vitu vidogo hivyo kakaratasi kenyewe kangekuwa na gharama kuliko kazi. Kwa hiyo ukizungusha lupu mara laki moja unapata mti mrefu wa vikaratasi vinavyoonyeshana, na hakuna herufi hata moja ya ile stringi ndefu iliyohama mahali pake. Injini ya Firefox na ya Safari nazo zina mbinu ya aina hiyohiyo. Yani += ya leo ina spidi ya ajabu kwa sababu moja: haijafanya kazi uliyoituma. Imekopa.

Na deni lazima lilipwe. Siku unapotaka kusoma herufi fulani ndani ya ile stringi, s[500] kwa mfano, au unapoipitisha kwenye rejeksi (mchoro wa kutafutia maandishi), injini inalazimika kuushusha mti wote, inanakili kila kipande kwenye memori moja iliyonyooka. Mara moja tu, sio mbaya, ni kazi ileile ambayo join ingeifanya. Ukimaliza kulipa, stringi imenyooka na kusoma tena ni bure.

Rudi juu sasa uangalie kodi yangu. s[s.length - 1]. Kila mzunguko!

Yani injini inakopa, mimi nipo mlangoni nadai. Inakopa tena, nadai tena. Kila neno jipya linatengeneza kakaratasi kapya juu ya stringi iliyonyooshwa sekunde hiyohiyo, halafu mimi naja kuchungulia herufi ya mwisho na kulazimisha yote inyooshwe upya kuanzia herufi ya kwanza. Nilikuwa nimejijengea Internet Explorer 6 yangu mwenyewe ndani ya Chrome. Na nilipoenda kwenye join, kilichoniokoa sio join, ni kwamba nilihamisha ule ukaguzi wa koma kutoka kwenye stringi kubwa kwenda kwenye neno dogo kabla halijaingia. Nikarudisha +=, nikaacha ukaguzi kwenye neno, ikakimbia vilevile. Nilikaa kimya kama dakika tano hivi.

Kinachouma ni kwamba dawa ilifanya kazi. Ingekuwa join haijasaidia ningeendelea kutafuta, lakini ilisaidia, sasa nani atachunguza ugonjwa uliopona? Nikatoka na ushahidi mkononi, tena nikaanza kuhubiria wenzangu.

Sasa kuhusu jaribio la yule kijana. Lilikuwa bovu kwa namna mbili na zote nimezifanya mimi mwenyewe mara nyingi tu. Ya kwanza, alipima muda wa kuunganisha akaishia hapo, ile stringi hakuigusa tena. Amepima spidi ya kukopa. Ukitaka haki kati ya += na join lazima uisome stringi mwishoni, chukua hata herufi moja, ili kila upande ulipe deni lake ndani ya muda unaoupima. Nilipofanya hivyo pengo likawa dogo kiasi kwamba ukirudia jaribio mara kadhaa mshindi anabadilika. Ya pili, kompaila iliyoko ndani ya injini ina akili kuliko tunavyodhani, ikiona umetengeneza kitu ambacho hakitumiki popote inaweza kukifuta kabisa, na ukiandika 'haba' + 'ri' ikakuta vyote ni vya kudumu inaviunganisha kabla hata lupu haijaanza. Unabaki unapima lupu tupu afu unasema njia hii ina kasi mara elfu. Ukiona jibu la mara elfu, shuku jaribio kwanza.

Na saa yenyewe pia. Wengi tunatumia performance.now tukidhani inatoa muda halisi mpaka kwenye vipande vya mikrosekunde. Baada ya ile kasoro ya usalama ya prosesa iitwayo Spectre kutangazwa Januari 2018 brauza zilipunguza makusudi usahihi wa saa hiyo, ili kodi mbaya isiweze kupima vitu vya siri. Kwa hiyo ukipima operesheni moja ya stringi unaweza kupata sifuri, ukipima tena unapata namba ya ajabu, zote hazina maana. Zungusha mara nyingi, tumia data inayofanana na data yako ya kweli, badilisha mpangilio maana njia inayopimwa kwanza mara nyingi injini ndo inapasha misuli, na kumbuka kwamba ufagiaji wa memori unaweza kuangukia kwenye zamu ya njia B wakati takataka ni za njia A. Ndo maana sijamwaga namba zangu humu. Namba zangu ni za mashine yangu na toleo langu la brauza, toleo lijalo zinaweza kugeuka.

Sawa, tuache kuunganisha. Kubadilisha maneno ndani ya stringi je? Hapa napo kuna hadithi ya zamani. JavaScript kwa miaka mingi haikuwa na njia ya moja kwa moja ya kubadilisha kila mahali neno linapotokea, replace ukiipa stringi ya kawaida inabadilisha la kwanza tu inaondoka zake, na hilo limeshawaliza wengi. Kwa hiyo ilikuwa ama rejeksi yenye g (alama ya kubadilisha kote), ama ule mchezo wa split (kukata vipande) halafu join. replaceAll imekuja rasmi 2021. Nani ana kasi? Kwa stringi za kawaida za ukurasa, jamani, haikuhusu. split na join inatengeneza arei nzima ya vipande ambayo huihitaji, ila injini zimeifanyia kazi kiasi kwamba sio rahisi kuona tofauti. Mi natumia replaceAll kwa sababu inasomeka na kwa sababu sihitaji kukumbuka kuwekea nukta mkwaju wa nyuma kama kwenye rejeksi. Ila angalia alama ya dola kwenye maneno unayoyaingiza, zikifuatana mbili inatoka moja, ikifuatwa na & inaweka neno ulilokuwa unalitafuta, hata kama hukutumia rejeksi kabisa. Kama maneno yanatoka kwa mtumiaji mpe fankshoni badala ya stringi. Hili bagi limenila nusu siku na halihusiani na spidi hata kidogo, ila nimeona niliseme tu.

Kukata: slice, substring, substr. Spidi yake ni ileile, usipoteze jioni yako. Chagua kwa tabia. 'kitabu'.slice(-4) inakupa tabu, 'kitabu'.substring(-4) inakurudishia kitabu kizima maana namba hasi anaigeuza sifuri. substr imewekwa pembeni kwenye sheria za lugha, ipo kwa ajili ya kurasa za zamani tu.

Ila kukata nako kuna mkopo wake, na huu wa upande wa memori. V8 ukiikatia kipande cha herufi 13 au zaidi, hainakili, inaandika kakaratasi kengine: hiki ni kipande cha stringi ile, kinaanzia hapa, urefu wake huu. Kasi yake nzuri sana. Sasa chukua seva ya Node.js, inapokea faili la megabaiti 50, unakata herufi 20 za kitambulisho unaziweka kwenye orodha unayoitunza, faili lenyewe unalisahau. Wewe umelisahau, kakaratasi hakajasahau. Megabaiti 50 zote zinabaki memorini kwa sababu ya herufi 20. Fanya hivyo mara mia uone seva inavyovimba, afu utafute bagi kwenye databesi. Hakuna njia rasmi ya kuiambia injini nakili sasa hivi, watu wanatumia vijanja vya kulazimisha, kama kupeleka kile kipande kwenye JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data) na kukirudisha.

Hilo la memori linanikumbusha herufi zenyewe. V8 ikiona stringi yako yote ni herufi za Latin-1 (seti ndogo ya herufi za Kilatini) inatunza kila herufi kwa baiti moja. Ikiingia herufi moja tu nje ya hapo, stringi nzima inahamia baiti mbili mbili. Emoji moja mwishoni mwa maandishi ya herufi milioni, ukishainyoosha imekula mara mbili. Na sio emoji tu. Kiswahili chetu kinakaa vizuri kabisa ndani ya Latin-1, a mpaka z hatuna mbwembwe, isipokuwa ile alama ya ng’ombe. Ukiichapa kwa kibodi kawaida ' ni baiti moja, ila programu nyingi za kuandikia zinaigeuza kuwa ile iliyopinda ’ na hiyo iko nje. Kwa hiyo ng’ombe mmoja anahamisha ukurasa mzima. Kwenye PHP (lugha nyingine ya programu, ya upande wa seva) ndo utacheka zaidi, strlen (fankshoni ya urefu) ya ng’ombe mwenye alama iliyopinda ni 9 ingawa herufi ni 7, maana strlen inahesabu baiti na ile alama kwenye UTF-8 (njia ya kuandika herufi kwa baiti) ni baiti tatu. strlen haihesabu hata kidogo kwa kweli, urefu umeshaandikwa pembeni, inausoma tu, wakati mb_strlen lazima ijue mipaka ya herufi. Watu wanasema mb_ zinaburuza, ni kweli ukilinganisha, ila strlen inakupa jibu la swali jingine kabisa, sasa hapo unalinganisha nini?

Nikiwa bado kwenye PHP, ule ubishi wa nukuu moja na nukuu mbili naomba tuuzike. Kodi ya PHP inageuzwa kuwa maelekezo kabla ya kukimbia, stringi isiyo na vigeuzi ndani yake inatoka ileile uiandike kwa nukuu gani. Na yenye vigeuzi ndani, kuanzia PHP 7 inakusanya vipande vyote na kuviunganisha kwa mpigo mmoja, kwa hiyo wakati mwingine nukuu mbili ndo zina unafuu kuliko mlolongo wa nukta (ambayo PHP inaunganishia stringi). Tofauti ya maana ni str_replace (ya neno la kawaida) na preg_replace (ya rejeksi), kama neno lako halina mchoro wowote usiamshe rejeksi bure. Na kuna strtr ambayo watu wanaipima spidi dhidi ya str_replace kana kwamba ni mapacha. Jaribu kubadilishana paka na panya kwenye "paka na panya". str_replace yenye arei inapita mara mbili, kwanza paka wote wanakuwa panya, halafu panya wote, wakiwemo wale wapya, wanakuwa paka, unabaki na "paka na paka". strtr inapita mara moja haigusi ilichokwisha badilisha, inakupa "panya na paka". Ya kwanza hata ikiwa na kasi mara tatu sijui utaifanyia nini.

Kuna sehemu moja tu ambayo naona uchaguzi wa njia ya stringi unaweza kuangusha mfumo kweli, nayo ni rejeksi inayorudi nyuma. Tarehe 20 Julai 2016 Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, ilianguka kwa dakika 34, chanzo rejeksi ya kufuta nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa mstari. Kazi ya trim hiyo, fankshoni ya kufuta nafasi za pembeni! Ilikutana na posti yenye nafasi tupu kama 20,000 mfululizo ambazo hazikuwa mwisho wa mstari, injini ikaanza nafasi ya kwanza ikaenda mpaka mwisho ikakwama, ikarudi ikaanza ya pili, ikaenda, ikakwama, ya tatu, jumla karibu milioni 200. Ile hesabu yetu ya juu kabisa imerudi kwa sura nyingine. Tarehe 2 Julai 2019 ikawa zamu ya Cloudflare (kampuni inayolinda na kuharakisha tovuti), dakika 27, rejeksi yenye .* (yaani chochote kile) mbili zikifuatana, prosesa zikapanda mpaka juu. Zote hizo ukizipima kwa stringi fupi ya mfano zinapita vizuri tu, hakuna jaribio la kawaida litakaloziona, lazima uipe rejeksi stringi inayokaribia kufanana halafu inashindwa mwishoni.

Na kwa upande wa brauza, kabla hujagusa += ya stringi angalia kama huna innerHTML += (kuongeza vitu kwenye ukurasa) ndani ya lupu. Hiyo inafanana kwa sura tu. Kila mzunguko brauza inageuza vitu vyote vilivyomo kuwa stringi, inaongeza kipande chako, inavunja vyote, inavisoma na kuvijenga upya kuanzia mwanzo, na vitufe ulivyokuwa umevifungia kazi vinasahau. Unganisha stringi yako pembeni kwa njia yoyote unayoipenda, iingize mara moja.

Yule jamaa nimeshamwambia, kacheka tu, akasema mafaili yake hayarudishi tena maana join imemzoea. Hata mimi join nimeiacha palepale, ni fupi na haina haja ya kujiuliza koma ya kwanza inakaa wapi. Nilichofuta ni ile komenti. Sasa hivi inasema: "safisha koma kwenye neno, usiichungulie s ndani ya lupu".